Jinsi ya kutafuta dhahabu na shaba kwa jiofizikia na kuchoronga, kwa mwenye PML (leseni ya mchimbaji mdogo) yake na hela ya kubana

Nianze na hili maana ndo linakula hela za watu wengi: hakuna mashine inayopita juu ya ardhi ikakwambia hapa chini mita 40 kuna dhahabu. Haipo. Dhahabu ya kwenye mwamba ni gramu chache ndani ya tani nzima ya jiwe, mwamba wa gramu 3 kwa tani ni mwamba mzuri tu, sasa gramu 3 zilizosambaa ndani ya kilo 1,000 utazionaje ukiwa juu? Ditekta zile za kuvaa hedifoni zinafanya kazi, ila zinaokota punje na vipande vilivyo karibu kabisa na uso wa ardhi, ukishuka chini zaidi ya hapo haikusaidii. Mtu akikujia na antena za kushika mkononi anasema zinavuta dhahabu umbali wa kilomita, hela yako iache mfukoni.

Jiofizikia inafanya kazi nyingine. Inapima tabia za mwamba: sumaku yake, unavyopitisha umeme, unavyoshika chaji, uzito wake. Dhahabu huwa haikai peke yake, inakaa kwenye mipasuko, kwenye mishipa ya kwatzi, pamoja na madini ya salfa na chuma kama pairaiti na asenopairaiti, au pembeni ya miamba ya chuma kama ile ya Geita, na hao wenzake ndo mashine inaweza kuwaona. Shaba ni nafuu kidogo maana inahesabiwa kwa asilimia, mwamba wa asilimia 1 una kilo 10 za shaba kwenye tani, na salfaidi zake (madini yake yenye salfa) zinashika chaji vizuri. Sehemu nyingine vinakuja pamoja, Bulyanhulu mishipa yake ina dhahabu, shaba na fedha, ndo maana makinikia (mchanga wenye madini) yale yaliyozuiwa kusafirishwa 2017 yalikuwa na vyote. Hapa naongelea zaidi Kanda ya Ziwa kwa sababu ndiko wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu wapo, lakini ukiwa Mpanda au na shaba ya Mbesa kule Tunduru utaratibu ni uleule, unabadilisha tu kifaa gani kitangulie.

Karatasi kwanza, kwa haraka. PML ni ya Mtanzania tu, inadumu miaka 7, na kwa dhahabu haizidi hekta 10. Kabla hujaleta fundi yeyote ingia kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni uhakikishe eneo ni lako kweli na kona zake ziko pale unapodhani ziko, halafu malizana na mwenye shamba kwa maandishi, maana leseni ya madini haikupi ardhi ya juu wala mihogo ya mtu. Kisha nenda GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma, wana ramani za jiolojia na data ya jiofizikia ya ndege iliyorushwa nchi nzima kati ya 1977 na 1980. Ile data mistari yake iliachana kama kilomita 1, kwa hiyo PML yako nzima inaweza kukaa katikati ya mistari miwili na ndege haikupita juu yake hata mara moja. Itumie kujua ukanda wa miamba na mipasuko mikubwa inaelekea wapi, usiitumie kuchagua pa kutoboa. Uliza pia kama eneo lako limo kwenye zile sehemu zilizorushwa baadaye kwa mistari ya karibu, hizo zina thamani kubwa zaidi.

Sasa tembea. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haina mashine ya kupigia picha, na mimi naona ndiyo inayolipa kuliko zote. Kila duara (shimo la wachimbaji) la zamani lililopo eneo lako lichukulie GPS, pima kwa dira mwamba (yaani ule mshipa wenye madini) umeelekea wapi na umelalia upande gani, tafuta wenye maduara wa zamani ukae nao uwaulize vitu vitatu: mwamba ulikuwa na unene gani, ulikuwa unalala kwenda wapi, na ulipotea wapi. Hilo la mwisho lina uzito sana, kwa sababu mwamba uliokatika ghafla mara nyingi umekatwa na mpasuko ukasogezwa pembeni, haujaisha, na huo mpasuko ndo utakuja kuutafuta kwa sumaku. Wale wazee wameshachimba mita nyingi kwa mikono yao, maelezo yao ni data ya bure, waheshimu na ikiwezekana waajiri.

Baada ya hapo sampo za udongo. Chora gridi, mistari ikatize mwelekeo wa mwamba (mwamba ukielekea mashariki-magharibi wewe tembea kaskazini-kusini), mistari iachane mita 50, sampo kila mita 20 au 25. Chimba ushuke chini ya udongo wa juu wenye majani na mizizi, sentimita 30 hadi 50 inatosha sehemu nyingi, chekecha, jaza mfuko, andika namba. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga au mchanga ulioletwa na maji jua kwamba hapo unapima udongo wa kwingine, matokeo kuwa sifuri hayamaanishi chini hakuna kitu. Hapo vichuguu vinasaidia, mchwa wanapandisha udongo kutoka chini kabisa, na sampo za vichuguu zimeshatumika huku Geita na nchi nyingine za Afrika kutafuta dhahabu iliyofunikwa, ila ukiamua vichuguu basi iwe vichuguu tu, usichanganye na sampo za kawaida kwenye ramani moja maana hazilingani. Mwambie mtu wa maabara apime na aseniki, maeneo mengi inatembea na dhahabu na inasambaa pana kuliko dhahabu yenyewe. Kuhusu ile bunduki ya XRF (kifaa cha mkononi kinachopima madini kwa mionzi ya X): kwa shaba ni nzuri sana, unapata jibu palepale shambani, kwa aseniki pia inafaa. Kwa dhahabu haifai kabisa, viwango vya dhahabu kwenye udongo viko chini mno kwake, ikikuonyesha namba ya dhahabu usiiamini.

Haya, sumaku. Kwa hekta 10 ni kazi ndogo. Eneo la mita 300 kwa 330 ukipita mistari kila mita 25 ni kama kilomita 4 za kutembea, mtu mmoja na magnetometa (kifaa cha kupima sumaku) anamaliza kwa siku. Lazima kuwe na magnetometa ya pili imesimama sehemu moja siku nzima, kwa sababu sumaku ya dunia yenyewe inapanda na kushuka mchana, na bila ya kutoa hayo mabadiliko ramani yako itakuwa na mistari mistari. Anayebeba mashine aache simu, kisu, mkanda wenye chuma, buti zenye chuma mbele. Kila alipopita karibu na bati, uzio wa waya, pikipiki au karasha (mashine ya kusaga mawe) aandike kwenye daftari.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo mafundi waliosoma kwa vitabu vya nchi za kaskazini wanalikosea. Tupo karibu na ikweta, mistari ya sumaku ya dunia huku inakaribia kulala, haisimami kama Ulaya au Kanada. Mwamba wenye chuma ambao kule ungeonekana kama kilima cha namba kubwa, huku unaweza kuonekana kama shimo la namba ndogo na kilima kikawa pembeni yake upande mmoja. Na mwamba unaoelekea kaskazini-kusini unaweza usionekane vizuri kabisa, ukabaki vidotividoti. Kwa hiyo mtu akikuletea ramani ya rangi akakuonyesha wekundu akasema toboa hapa, muulize kwanza ameisahihisha vipi kwa ajili ya latitudo. Kama hana jibu usitoboe. Kuna namna ya kuchakata inaitwa ishara ya analitiki (analytic signal), inasaidia kuleta kilele juu ya mwamba wenyewe, mwambie akutolee na hiyo uweke pembeni ya ile ya kwanza.

Na unatafuta nini kwenye hiyo ramani? Siyo namba kubwa yenyewe. Geita dhahabu nyingi iko kwenye miamba ya chuma yenye mistari, ile ina magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) nyingi, lakini maji ya moto yaliyoleta dhahabu yalikula magnetaiti yakaigeuza kuwa pairaiti, sumaku ikafa pale. Kwa hiyo pa kupaangalia kwa jicho kali ni pale ukanda wenye sumaku kali unapokatika, unapopinda, au unapofifia ghafla, hasa kama mpasuko unapita hapohapo na sampo za udongo zimeonyesha kitu. Vitu vitatu vikikutana sehemu moja hapo ndo pana sababu ya kutumia hela zaidi.

Hela hiyo inayofuata ni ya IP (induced polarization), kipimo cha mwamba unavyoshika chaji. Unapeleka umeme ardhini kupitia vyuma viwili, unaukata, halafu unapima jinsi chaji inavyofifia kwenye vyuma vingine. Salfaidi zilizosambaa kwenye mwamba zinashika chaji hata kama ni kidogo, hivyo kwa shaba na kwa dhahabu inayotembea na pairaiti hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Pia inakupa ukinzani (jinsi mwamba unavyozuia umeme), kwatzi nyingi na mwamba uliokomazwa na silika unapandisha ukinzani, mpasuko wenye maji na udongo wa mfinyanzi unaushusha.

Kwenye PML kuna tatizo la vipimo ambalo lazima uliongee na fundi kabla ya kulipa. Kwenye mpangilio wa daipoli-daipoli (jozi ya vyuma vya kupeleka umeme na jozi ya kupima kwenye mstari mmoja), nafasi ya mita 50 kati ya vyuma vya jozi mpaka hatua ya 6 (jozi zikiachana mara 6 ya nafasi hiyo) inakupa kina cha kama mita 85, lakini mpangilio mmoja huo unataka urefu wa mita 400, na shamba lako lina mita 300. Ukitumia nafasi ya mita 25 unahitaji mita 200 tu lakini kina kinakuwa kama mita 43, na hicho kina unakipata katikati ya mstari, siyo kwenye ncha. Suluhisho ni kuongea na majirani wenye leseni wakuruhusu mstari upite kwao, ukiwaahidi nakala ya data, wengi wanakubali. Na kumbuka sehemu ya juu ya mwamba imeoza, salfaidi zimeshaliwa na hewa na maji, inaweza kushuka makumi ya mita kabla hujakuta jiwe bichi. IP ya kina cha mita 43 juu ya mwamba uliooza mpaka mita 50 ni hela imetupwa. Wenye maduara marefu watakwambia jiwe bichi linaanza wapi, unaona faida ya kuwauliza.

Kiangazi ardhi ikiwa kavu chuma hakishiki umeme vizuri, chimba vishimo vidogo mwaga maji ya chumvi muda kabla. Umeme wa IP unaua: weka watu kwenye kila chuma cha kupeleka umeme, wafukuze watoto na ng'ombe, na mvua yenye radi ikianza kazi isimame.

Matokeo ya IP yana waongo wakubwa wawili. Wa kwanza ni kinywe (grafaiti), miamba myeusi yenye kinywe inashika chaji na kupitisha umeme kuliko kitu chochote, na Kanda ya Ziwa ipo. Wa pili ni pairaiti tupu, nyingi, nzuri, haina dhahabu hata chembe. Ukikuta chaji kubwa sana pamoja na ukinzani mdogo sana kwenye ukanda mrefu ulionyooka, fikiria kinywe kwanza. Chaji ya wastani pembeni ya ukinzani mkubwa mara nyingi inavutia zaidi kwa dhahabu ya mishipa. Wenye kutafuta shaba ya salfaidi zilizoshikana wanaweza kuongeza kipimo cha sumaku-umeme, ila nacho kinadanganywa na kinywe vilevile.

Kabla ya mashine ya kuchoronga, chimba mtaro. Mtaro wa mita 2 kwenda chini unaokatiza anomali (sehemu ambayo vipimo vimetofautiana na pembeni yake), kwa sururu na vijana wa hapohapo, ni bei ndogo ukilinganisha na shimo moja la drili. Chukua sampo mfululizo ukutani kila mita 1, sawasawa, usiokote mawe mazuri tu. Kuta zisizoimara ziwekwe matimba au zilazwe, mtu asifukiwe kwa ajili ya sampo.

Ukifika kuchoronga una chaguo kubwa mbili. RC inatumia nyundo na hewa, inaleta jiwe lililosagwa, ni ya haraka na bei yake kwa mita ni ndogo. Mashine ya almasi inakata jiwe zima refu la mviringo, mafundi wanaita kori, ni ya polepole na ghali lakini unaona kila kitu: mshipa, mlalo wake, mpasuko, umeoza au mbichi. Ushauri wangu anza na RC kwa mashimo mafupi ya kwanza, halafu tumia almasi pale ulipopata kitu na unataka kukielewa. RC ikikutana na maji mengi na kompresa ikashindwa kuyasukuma, sampo zinatoka tope na dhahabu ya mita za juu inachafua za chini, hapo simamisha shimo, usikubali fundi akwambie tumalizie tu, yeye analipwa kwa mita. STAMICO (Shirika la Madini la Taifa) wana mashine kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ulizia hapo pia kabla hujamkubalia mtu wa kwanza aliyekutajia bei. Kwenye mkataba soma vizuri nani analeta maji na dizeli, na mashine ikikaa bure unalipa shilingi ngapi kwa saa.

Mashine isimame wapi? Shimo linatakiwa kukata mwamba, siyo kushuka sambamba nao. Mwamba ukilalia mashariki, mashine isimame mashariki na kutoboa kuelekea magharibi. Tuseme mwamba wako umesimama wima na unataka kuukata mita 50 chini ya uso kwa pembe ya digrii 60 kutoka usawa wa ardhi: simama mita 29 kutoka kwenye mwamba, utaukuta shimo likiwa na urefu wa mita 58 hivi, na uendelee mpaka 75 au 80 kwa sababu miamba haifuati hesabu zetu na mara nyingine kuna mshipa wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Mashimo yote ya kwanza yasipangwe kwenye anomali moja. Ukiwa na hela ya mita 400 ni bora mashimo 5 ya mita 80 kwenye mistari mitatu kuliko shimo moja refu la majivuno.

Shimo linapinda. Pima mwelekeo wake ndani angalau kila mita 30, na kwenye miamba ya chuma sisitiza kipimo cha jairo (kifaa kisichotegemea dira), maana kifaa chenye dira humo ndani kinavutwa na magnetaiti na kitakudanganya.

Sampo sasa, na hapa naomba uwe mkali. RC ni mita 1 kwa mfuko, ipite kwenye kigawanyio utoe kilo 2 au 3, kiasi kingine kidogo kioshwe kiwekwe kwenye kisanduku cha vipande ili mjiolojia aone jiwe. Kori ipigwe picha ikiwa na maji, iandikwe, ikatwe katikati kwa msumeno, nusu maabara nusu ibaki kwenye boksi. Nusu inayobaki ni ulinzi wako na wa mtu atakayeingia ubia na wewe. Kashfa ya kampuni ya Bre-X kule Busang, Indonesia, iliyolipuka 1997, sampo zilikuwa zinatiwa dhahabu kwa nje, na kori karibu yote ilikuwa inasagwa, hakuna nusu iliyobaki ya kuhakiki. Kila sampo 20 ingiza moja tupu isiyo na dhahabu, moja ya kiwango kinachojulikana, na moja ya marudio ya sampo ileile, maabara wasijue ipi ni ipi. Mifuko ifungwe shambani, isilale kwenye gari la mtu usiyemjua.

Dhahabu ipimwe kwa moto (sampo inayeyushwa), gramu 50 za sampo, shaba kwa asidi. Kama eneo lako lina dhahabu ya punje kubwa zinazoonekana kwa macho, sampo moja inaweza kuja gramu 40 kwa tani na ya pacha wake gramu 1, hilo halimaanishi maabara ni wezi. Omba kipimo cha kuchekecha, wanatenganisha punje kubwa na unga na kupima vyote.

Majibu yakija usikimbilie namba kubwa. Shimo la digrii 60 kwenye mwamba wima likikuonyesha mita 10 za mbale (mawe yenye madini), unene wa kweli ni mita 5. Mwenye kukuuzia eneo atakutajia 10. Halafu piga hesabu ya kawaida: urefu mita 200, unene wa kweli mita 2, kina mita 60, mara uzito wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo, ni tani 64,800. Kwa gramu 4 kwa tani ni kilo 259 za dhahabu ardhini, kabla ya kupotea kwenye kinu na kabla ya gharama. Lakini hiyo hesabu unaruhusiwa kuifanya ukiwa na mashimo yaliyokata mwamba uleule kwenye urefu wote wa mita 200, siyo shimo moja lenye bahati.

Ukipata, sogea mita 25 kila upande kwenye mstari uleule wa mwamba, kisha shuka chini ukate mwamba uleule kwa kina cha mara mbili. Sehemu tajiri za mishipa huwa zinalala kwa mshazari ndani ya mwamba wenyewe, kwa hiyo shimo tupu chini ya shimo zuri halijafunga kazi, jaribu pembeni kufuata mlalo huo kabla hujatangaza mwamba umekufa. Ukikosa kwenye mashimo yote, kaa na mjiolojia mjibu kwanza ile anomali ilisababishwa na nini. Kama kori imeonyesha kinywe au pairaiti tupu, basi imeelezeka, hamia anomali inayofuata. Kama hakuna jiwe lolote kwenye shimo linaloweza kueleza ile chaji, shimo lilikosa shabaha, angalia upya mlalo na mwelekeo wa shimo kabla mashine haijapakiwa kwenye lori. Na mashimo yote yazibwe midomo na kuwekewa bomba lenye namba, kwa ajili ya watoto na mifugo, na kwa ajili ya atakayetaka kurudi kupima ndani.